Gari Mseto la Familia: Namna ya Kulichagua kwa Hesabu

Neno "mseto" tunalijua tangu jikoni: ni mchele na choroko vilivyopikwa pamoja katika chungu kimoja. Gari mseto nalo ni gari ambalo ndani yake injini ya petroli na mota ya umeme hushirikiana kuzungusha magurudumu. Mafundi na wachuuzi wa magari hupenda kuliita "haibridi". Magari ya namna hii yamekuwa ya kawaida katika barabara za Afrika ya Mashariki, na mengi yao yametumika kwanza Japani kabla ya kushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam.

Kwa familia inayoishi kwa mshahara, kununua gari ni jambo zito. Fedha ya akiba ya miaka mingi hutolewa kwa siku moja, na kosa likifanyika, hasara yake hulipwa na karo za watoto na ujenzi wa nyumba uliosimama. Kwa bahati mbaya, mnunuzi husikia kauli mbili zinazopingana. Muuzaji humwambia kwamba gari hili "halili mafuta". Jirani humwambia kwamba betri yake ikifa, gari limekuwa banda la kuku. Kila kauli ina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayotosha kumwongoza mtu.

Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba fizikia na hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari zinatosha kuamua jambo hili. Tutashughulika na gari la saluni la ukubwa wa kati, linalochukua watu watano na mizigo yao, na ambalo halichomekwi katika umeme wa nyumbani. Yapo magari mseto mengine yanayochomekwa. Hayo hayamo katika somo la leo.

NISHATI YOTE HUTOKA KATIKA PETROLI

Wazo la kuunganisha injini na umeme si geni. Mhandisi Ferdinand Porsche alitengeneza gari la namna hiyo mwaka 1900. Hata hivyo, gari mseto la kwanza kutengenezwa kwa wingi lilikuwa Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997. Mwaka 2006 kampuni hiyo hiyo ilianza kuuza Camry mseto, gari la saluni la ukubwa wa kati, nalo ndilo tutakalolitumia kama mfano.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: gari mseto lisilochomekwa haliumbi nishati. Kila jouli inayolisukuma ilitoka katika tangi la petroli. Wengine hudhani kwamba betri ni tangi la pili. Tuipime dhana hiyo kwa hesabu.

Betri ya Camry mseto ya kwanza ina seli 204 zilizounganishwa kwa mfuatano, kila seli ikiwa na volti 1.2. Kwa hiyo volti za betri nzima ni 204 × 1.2 = 244.8. Ujazo wake ni amperi-saa 6.5. Nishati yake ni 244.8 × 6.5, yaani wati-saa 1,591, ambazo ni sawa na jouli milioni 5.7 hivi. Lita moja ya petroli ina takriban jouli milioni 32. Basi betri yote, ikijaa pomoni, ina nishati ya petroli isiyofikia hata moja ya tano ya lita. Ni chini ya bilauri moja!

Tena kompyuta ya gari hairuhusu betri hiyo itumike yote. Ili kuirefushia maisha, huiweka kati ya asilimia 40 na asilimia 80 hivi ya ujazo wake. Kwa hiyo tusiifananishe betri hii na ghala la chakula cha mwaka. Mfano wake ulio karibu zaidi ni kibubu: sarafu zilizokuwa zipotee njiani huwekwa humo, na mara moja hutolewa zikatumika.

NISHATI HUOKOLEWA WAPI?

Ikiwa gari mseto haliumbi nishati, linapunguzaje matumizi ya mafuta? Hulinda nishati isipotee, na hufanya hivyo katika mahali patatu.

Kwanza, wakati wa kufunga breki. Tuchukue gari lenye tungamo la kilo 1,600 linalokwenda kilometa 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde. Nishati mwendo yake ni nusu ya tungamo mara kasi ya mraba:

½ × 1,600 × 13.9 × 13.9 = takriban jouli 155,000.

Katika gari la kawaida, dereva akikanyaga breki, jouli hizo zote hugeuka kuwa joto la msuguano na kupotelea hewani. Injini inayogeuza robo tu ya nishati ya petroli kuwa kazi hupata jouli milioni 8 katika kila lita. Basi kusimama mara moja hupoteza mililita 19 hivi za petroli, karibu vijiko vinne vya chai. Mtu akisimama mara 60 kwa siku kutoka katika kasi hiyo, amemwaga zaidi ya lita moja.

Katika gari mseto, dereva anapopunguza mwendo, mota hugeuzwa kuwa jenereta. Magurudumu huizungusha, nayo huyazuia magurudumu na papo hapo hupeleka umeme katika betri. Si jouli zote zinazorudi, kwa kuwa kila mgeuzo wa nishati una upotevu wake, lakini sehemu kubwa huokolewa. Breki za kawaida zipo pia, kwa ajili ya kusimama ghafla na kwa mwendo mdogo sana.

Pili, wakati wa kusimama. Katika foleni, injini ya gari la kawaida huendelea kunguruma bila kwenda popote. Injini ya gari mseto huzimika yenyewe, na gari huondoka polepole kwa mota ya umeme.

Tatu, ndani ya injini yenyewe. Mwaka 1882 mhandisi Mwingereza James Atkinson alibuni injini ambayo gesi iliyowaka hupewa nafasi kubwa ya kupanuka kuliko ile iliyogandamizwa mwanzoni. Injini ya namna hiyo hutumia mafuta vizuri, lakini ni nyonge wakati wa kuondoka. Katika gari mseto unyonge huo hufidiwa na mota, ambayo nguvu yake ya kuzungusha ni kubwa tangu mwanzo. Kwa mujibu wa watengenezaji, injini ya Camry mseto ya mwaka 2018 hufikia ufanisi wa asilimia 41 inapofanya kazi katika hali iliyo bora.

Sasa msomaji na ajiulize: katika mahali hapo patatu, ni pangapi vilivyomo katika safari ya barabara kuu, ambapo gari hukimbia saa nzima bila kusimama? Breki hazikanyagwi, na injini haisimami bure. Hubaki jambo la tatu peke yake. Katika mwendo huo adui mkubwa ni ukinzani wa hewa, ambao huongezeka kwa mraba wa kasi, na nishati iliyokwisha kuisukuma hewa hairudishwi na mashine yoyote.

MAGARI MANNE YALINGANISHWE

Katika sayansi, anayetaka kujua athari ya kitu kimoja hubadilisha kitu hicho tu na kuacha vingine kama vilivyo. Camry inatufaa kwa sababu huko Marekani, kabla ya toleo la 2025 lililokuwa la mseto pekee, bodi ile ile iliuzwa kwa namna mbili: ya petroli tupu na ya mseto. Vipimo vifuatavyo vimegeuzwa kutoka lebo rasmi za Marekani zilizobandikwa magari hayo yalipokuwa mapya. Vyote ni lita kwa kila kilometa 100. Kipimo cha kwanza ni cha mjini, cha pili ni cha barabara kuu, na cha tatu ni cha mchanganyiko.

Camry ya 2012, petroli tupu: 9.4, 6.7, 8.40.
Camry ya 2012, mseto: 5.5; 6.0, 5.74.
Camry ya 2018, petroli tupu: 8.4, 6.0, 7.35.
Camry ya 2018, mseto: 4.6, 4.4, 4.52.

Tuyatazame magari ya 2012. Mjini mseto unaokoa lita 3.9 katika kila kilometa 100. Katika barabara kuu unaokoa lita 0.7 tu. Gari ni lile lile, na bei iliyolipwa ni ile ile. Faida imepungua mara tano na zaidi kwa sababu ya njia peke yake. Katika magari ya 2018 faida ya mjini ni lita 3.8, na ya barabara kuu ni lita 1.6, kwa kuwa injini imeboreshwa. Hata hivyo mjini bado ndipo faida ilipo.

Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba vipimo vya lebo hufanywa maabara. Barabara mbovu, mizigo, magurudumu yenye upepo mdogo na kiyoyozi vitaongeza matumizi. Vipimo hivyo vinafaa kwa kulinganisha gari na gari. Havifai kutabiri kwa uhakika matumizi ya mtu mmoja mmoja.

KILOMETA KWA LITA HUPOTOSHA

Madereva wetu wengi huuliza, "Linakwenda kilometa ngapi kwa lita?" Swali hilo si baya, lakini humpotosha mtu anayelinganisha. Tugeuze vipimo vya mchanganyiko. Camry ya petroli tupu ya 2018 huenda kilometa 13.6 kwa lita, mseto wa 2012 kilometa 17.4, na mseto wa 2018 kilometa 22.1.

Kutoka gari la kwanza hadi la pili tumeongeza kilometa 3.8 kwa lita. Kutoka la pili hadi la tatu tumeongeza 4.7. Mtu ataona kwamba hatua ya pili ndiyo yenye faida zaidi. Lakini familia hainunui "kilometa kwa lita". Hununua lita ili ifike safari yake. Kwa kilometa 100, hatua ya kwanza inaokoa 7.35 − 5.74 = lita 1.61. Hatua ya pili inaokoa 5.74 − 4.52 = lita 1.22. Hatua iliyoonekana ndogo ndiyo kubwa!

Kosa hili la akili lilielezwa mwaka 2008 na watafiti Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Kwa mnunuzi, funzo lake ni hili: gari mseto lililotumika, likiwa zima, huweza kutumia mafuta machache kuliko gari jipya zaidi la petroli tupu, na hatua ya kutoka mseto wa zamani hadi mseto mpya huleta nyongeza ndogo kuliko tarakimu za muuzaji zinavyoonyesha.

MLINGANYO WA MNUNUZI

Bei za magari na za petroli hubadilika kila mara. Ili hesabu yetu isichakae, tutahesabu kwa lita badala ya shilingi. Mnunuzi achukue tofauti ya bei kati ya gari mseto na gari la kawaida la umri ule ule, aigawanye kwa bei ya lita moja ya petroli siku hiyo. Tuiite T. Gharama ya kubadilisha betri, iliyogawanywa vivyo hivyo, tuiite B. Lita zinazookolewa kwa kila kilometa 100 tuziite U. Umbali ambao gari litakuwa limerudisha gharama zake ni:

Umbali = (T + B) ÷ U × kilometa 100.

Tuchukue familia mbili za mfano. Familia ya kwanza inakaa Kimara, Dar es Salaam, na safari yake ni kwenda katikati ya mji asubuhi na kurudi jioni pamoja na foleni. Familia ya pili inakaa Makambako, na safari zake nyingi ni za Iringa na Mbeya katika barabara kuu. Kila moja husafiri kilometa 12,000 kwa mwaka, na kila moja imeonyeshwa Camry mseto ya 2012. Tukadirie kwamba T ni lita 600, na kwamba betri itabidi ibadilishwe mara moja, B ikiwa lita 800. Tarakimu hizi mbili ni za mfano tu. Kila mnunuzi ataweka zake.

Kwa familia ya Kimara: (600 + 800) ÷ 3.9 × 100 = takriban kilometa 36,000. Ni miaka 3.

Kwa familia ya Makambako: (600 + 800) ÷ 0.7 × 100 = kilometa 200,000. Ni zaidi ya miaka 16, na gari lenyewe lilikuwa limetumika kabla ya kununuliwa.

Gari lile lile ni akiba kwa familia moja na hasara kwa nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "gari gani ni zuri?" bali "njia yangu ni ipi?" Jibu la swali hilo analo mwenyewe, muuzaji hana.

BETRI: HOFU NA UKWELI

Betri za magari mseto ya zamani ni za nikeli na haidridi ya metali. Upande chanya una kampaundi ya nikeli, upande hasi una aloi inayofyonza haidrojeni, na kati yao mna myeyusho wa hidroksidi ya potasiamu. Baadhi ya Camry za 2018 zilipewa betri za lithiamu, zenye seli 70 tu za volti 3.7, ambazo kwa pamoja hutoa volti 259. Ni nyepesi zaidi kwa nishati ile ile.

Betri za aina zote mbili huzeeka kwa mambo mawili: matumizi na joto. Wanafunzi wa kemia wanajua kanuni ya kukadiria kwamba mmenyuko wa kikemikali huenda mbio karibu maradufu kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za sentigredi. Mimenyuko inayoharibu betri nayo ni ya kikemikali. Gari lililoegeshwa juani Tanga au Mombasa mchana kutwa huzeesha betri yake haraka kuliko lililoegeshwa chini ya mwembe.

Ndiyo maana betri hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Abiria akiliziba tundu hilo kwa mkoba au nguo, au kichujio chake kikijaa vumbi, betri huungua polepole bila mtu kujua. Katika nchi ya vumbi kama yetu, kusafisha kichujio hicho ni kazi ndogo inayookoa fedha nyingi.

Jambo jingine ni muunganiko wa mfuatano. Seli 204 zikifuatana, mkondo mmoja hupita katika zote. Seli moja iliyo dhaifu huzuia kundi zima, kama mtu mmoja aliyechoka katika mstari wa kupokezana ndoo. Mafundi huweza kuondoa kipande kibovu na kuweka kingine. Matengenezo hayo husaidia kwa muda, lakini vipande vilivyobaki vina umri ule ule wa kile kilichokufa. Anayenunua gari ambalo betri yake "imetengenezwa" ajue kwamba B katika mlinganyo wake haijafutika, imeahirishwa.

KULIKAGUA GARI LILILOTUMIKA

Mnunuzi wa gari lililotumika asitosheke na rangi inayong'aa. Mambo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi, ila subira.

1. Karatasi. Magari yaliyouzwa mnadani Japani kwa kawaida huwa na karatasi ya ukaguzi inayoonyesha kilometa na hitilafu. Kilometa hizo zilinganishwe na zile za kwenye dashibodi, tena na uchakavu wa pedeli na wa kiti cha dereva. Pedeli iliyolika haitoki katika gari la kilometa chache.

2. Vipimo vya betri katika dashibodi. Liendeshwe kwa nusu saa, pamoja na mlima na mteremko, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kipimo cha betri nzima hupanda na kushuka taratibu. Kikijaa upesi na kuisha upesi, betri imepoteza ujazo wake. Ni kama mtungi uliojaa mawe: hujaa kwa kata chache, na kwa kata chache huwa mtupu.

3. Kusoma volti. Fundi mwenye kifaa cha uchunguzi huweza kusoma volti za betri kwa mafungu. Betri yenye seli 204 tuliyoieleza ina mafungu 17, kila fungu likiwa na volti 14.4 za kawaida. 17 × 14.4 ni 244.8. Gari likipanda mlima, mafungu yote yashuke kwa kadiri moja. Fungu linaloshuka peke yake ndilo lenye ugonjwa.

4. Upoozaji. Feni isikilizwe, kichujio kitazamwe, na maji ya kupoza inveta, ambayo hubadilisha umeme wa betri kwa ajili ya mota, yakaguliwe.

5. Dalili za mafuriko. Matope chini ya mazulia, kutu katika mifupa ya viti na harufu ya uvundo ni sababu ya kuliacha gari hilo mara moja. Maji na umeme wa volti nyingi havipatani.

6. Buti. Katika baadhi ya matoleo betri hukaa nyuma ya kiti na kupunguza nafasi ya mizigo. Familia ipime kwa mizigo yake halisi.

Katika ukaguzi huo wote, nyaya nene za rangi ya machungwa zisiguswe na mtu asiye fundi aliyefunzwa. Ndani ya mfumo wa Camry volti za betri hupandishwa hadi kufikia 650, na umeme huo unaua.

LIPI BASI, JIPYA AU LILILOTUMIKA?

Gari jipya lina faida mbili ambazo zinaweza kupimwa. Betri yake haijaanza kuzeeka, na lina dhamana. Huko Marekani, kwa mfano, Toyota hudhamini betri za magari yake mseto ya toleo la 2020 na baadaye kwa miaka 10 au maili 150,000, kutegemea kipi kitatangulia. Lakini dhamana ya nchi moja mara nyingi haimfuati gari linapovuka bahari. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi asiihesabu mpaka aone maandishi kwamba inakubaliwa nchini mwake. Aidha, thamani ya gari jipya hushuka kwa haraka katika miaka ya mwanzo, na gharama hiyo hubebwa na mnunuzi wa kwanza.

Gari lililotumika lina bei nafuu, lakini lina B ndani yake. Sheria pia zina neno: Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Kwa upande wa Camry, toleo lililouzwa Japani kuanzia mwaka 2011 lilikuwa la mseto pekee, na mauzo yake huko yalikoma mwishoni mwa mwaka 2023. Kwa hiyo zile zinazotoka Japani zitaendelea kuzeeka bila kupata za kuzirithi.

Ushauri wetu ni huu. Anayeendesha mjini, mwenye fundi aliyefunzwa karibu naye, anaweza kununua gari mseto lililotumika bila hofu, mradi aiweke bei ya betri kando kama sehemu ya bei ya gari. Anayeendesha barabara kuu zaidi achague mseto wa toleo la karibuni, au abaki na gari zuri la petroli tupu. Anayekaa mbali na fundi wa magari hayo asubiri, hata kama njia yake ni ya mjini. U kubwa haina faida kwa gari lililosimama uani.

Neno la mwisho ni kwa dereva wa milimani. Betri inayotumika kwa asilimia 40 tu ya jouli milioni 5.7 hupokea jouli milioni 2.3 hivi. Gari la kilo 1,600 likishuka kimo cha mita 143 hutoa kiasi hicho hicho cha nishati, tukiacha upotevu. Katika mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, betri itajaa kabla ya kufika chini, na mzigo wote utarudi kwa breki za kawaida. Katika magari mengi ya aina hii usukani au sakafu ina mkono wa giya wenye nafasi iliyoandikwa B, inayotumia injini kuzuia mwendo. Itumike mapema, kabla breki hazijachemka.

MAZOEZI

1. Pindua baiskeli yenye dainamo, magurudumu yakiwa juu. Zungusha pedeli dainamo ikiwa imeachana na gurudumu, kisha ikiwa imeligusa na taa inawaka. Eleza tofauti unayoisikia mkononi, na uihusishe na breki za gari mseto.

2. Tafuta nishati mwendo ya gari la kilo 1,600 likienda kilometa 25 kwa saa. Ni sehemu gani ya ile ya kilometa 50 kwa saa? Kwa nini foleni ya mwendo mdogo sana haina nishati nyingi ya kuokoa kwa breki, na bado gari mseto hufaidika humo?

3. Gari moja limeboreshwa kutoka kilometa 6 hadi 9 kwa lita. Jingine kutoka 18 hadi 27. Lipi limeokoa lita nyingi zaidi katika kilometa 100?

4. Rudia hesabu ya familia mbili kwa kutumia Camry ya 2018, T ikiwa lita 1,500 na B ikiwa sifuri. Je, uamuzi wa familia ya Makambako unabadilika?

5. Kwa idhini ya mkuu wa shule, pima matumizi ya gari la shule: jaza tangi hadi juu, andika kilometa, liendeshwe kwa juma moja, kisha jaza tena na uandike lita zilizoingia. Gari hilo lingefaa kuwa mseto? Toa sababu zako kwa tarakimu.